Hodi Tatu Mlangoni kwa Kalunde

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya watu wenye njaa. Nimesema paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Hapo zamani za kale, babu wa babu yangu hajaota hata jino, palikuwa na kijiji katikati ya miombo. Jina la kijiji mimi sikuambiwa, nanyi msiniulize. Mbele yake palikuwa na mbuga pana. Kiangazi unaivuka huku unapiga mluzi. Masika inakumeza mpaka magotini, chwapu, chwapu, chwapu, na ukifika ng'ambo hujui kiatu chako kimebaki wapi.

Kijijini pale palikuwa na mkunga mmoja. Jina lake Milembe. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mikono, mzito wa kusema. Alimzalisha mama, akamzalisha binti, akamzalisha na mjukuu. Ungemkuta mtu yeyote njiani ukamwuliza, "Nani alikupokea duniani?" angekujibu, "Mayu Milembe." Mayu ndiyo mama kwa watu wa kule.

Akifika kwa mzazi, Milembe aliuliza maswali mawili tu. "Umekula nini?" Na la pili, "Unaogopa nini?" Akishajibiwa, ananawa mikono.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana bila desturi hii hadithi haisimami. Mkunga hajipeleki. Mwanamke akishikwa na uchungu, mtu hutoka nyumbani kwake akaenda mlangoni kwa mkunga, akapiga hodi tatu. Hodi ya kwanza, mkunga anasimama. Hodi ya pili, anachukua mkoba. Hodi ya tatu, anaitika karibu, na wanatoka pamoja. Anayekwenda kwa mzazi bila kupigiwa hodi, huyo si mkunga, huyo ni mchawi, na mchawi kule alifukuzwa porini kwa mawe.

Hodi ngapi?

Tatu!

Shikeni hapo hapo, msiachie.

Lakini wa kumtazama katika hadithi hii ni mwingine, jirani wa Milembe. Jina lake Kalunde. Baina ya nyumba zao palikuwa na ua wa minyaa tu. Kalunde naye alikuwa mkunga zamani. Milembe mwenyewe ndiye aliyemfundisha: namna ya kupaka mafuta ya nyonyo, namna ya kumgeuza mtoto aliyelala kingamo, kichwa ubavuni mwa mama, namna ya kusikiliza kilio cha mzazi ukajua saa yake imefika au bado. Mikono yake ilikuwa myepesi. Milembe alikuwa akisema, "Huyu atanipita."

Ikafika siku moja, Kalunde akaitwa kwa binti wa Nyanzala. Nyanzala alikuwa mjane, mwenye ghala kubwa la mtama na sauti kubwa kuliko ghala. Mtoto akatoka amefungwa shingo na kitovu chake mwenyewe. Hakulia. Kalunde alimpuliza, akamsugua, akampuliza tena. Wapi! Mtoto alikuwa amekwenda kabla hajafika.

Nyanzala akamshika Kalunde mkono, akauachia haraka kama ameshika nyoka. "Mkono wa baridi!" akasema. "Mkono huu ni wa baridi, ndio uliomwua mjukuu wangu!"

Basi. Neno likipata miguu halirudi nyumbani. Kesho yake lilikuwa kisimani, keshokutwa lilikuwa shambani. Mkono Baridi, Mkono Baridi. Kalunde akautungika mkoba wake darini, panya wakautafuna. Mavuno kumi yakapita. Mavuno kumi mlango wake haukupigiwa hodi, si ya uzazi wala ya kuomba moto. Alilima, akapika, akala peke yake. Hivyo ndivyo alivyoishi yule mama.

Sasa masika moja ikaja habari kutoka ng'ambo ya mbuga. Mdogo wake Milembe, tumbo moja, ziwa moja, alikuwa mgonjwa wa kufa. Alikuwa ameagiza neno moja tu: "Mwambieni dada aje anifumbe macho."

Milembe alikuwa hajalala nje ya kijiji kwa mavuno arobaini. Akakaa, akafikiri. Akahesabu wenye mimba kwa vidole. Wawili mimba zao zilikuwa changa bado. Wa tatu alikuwa Limi, mke wa Jilala, mkwewe Nyanzala. Limi alikuwa na mwezi mmoja na nusu mbele yake. "Nitakwenda, nitarudi," Milembe akasema moyoni. "Lakini kijiji hakiachwi bila mkono."

Akapita penye ua wa minyaa, akaingia kwa Kalunde, akakaa jikoni karibu na mafiga. Akaweka mkoba wake sakafuni: kisu kidogo, kamba ya mgomba, kibuyu cha mafuta, kitambaa safi.

"Kalunde, mwanangu. Shika nafasi yangu mpaka nirudi."

Kalunde akaacha kusonga ugali. "Mayu, hunitakii mema. Mikono yangu unaijua wanavyoiita."

"Naijua ninavyoiita mimi."

"Wewe ni mmoja. Wao ni kijiji."

"Siku kumi tu, mwanangu. Labda hata hapatakuwa na mtu. Nakuachia ili moyo wangu utulie njiani."

"Na Nyanzala? Limi yuko kwa Nyanzala. Umemwambia?"

Hapo, wasikilizaji wangu, Milembe akatazama moto. Alikuwa amechoka. Mdogo wake alikuwa anakufa. Alimjua Nyanzala: kumwambia neno hilo kungeamsha ugomvi wa asubuhi mpaka jioni, na njia ilikuwa ndefu. "Limi bado," akasema. "Nitarudi kabla. Tusiamshe aliyelala."

Kalunde akautazama mkoba. Moyo wake ulikuwa unaogopa, na moyo huohuo ulikuwa unafurahi, maana mavuno kumi hakuna mtu aliyempa kitu cha kushika. Akasema, "Haya, mayu. Nenda kwa amani."

Milembe akafunga mlango wake, akaenda. Chwapu, chwapu, chwapu, mbugani. Nanyi niimbieni:

*Mwenye mkono kaondoka, ee,*
*mkono kamwachia nani?*
*Kamwachia jirani, ee,*
*na jirani mwamjua?*

Hatumjui!

Naam. Mmejibu walivyojibu wao.

Siku ya tatu, alfajiri, kuku hawajashuka kwenye kichanja, Kalunde akasikia miguu inakimbia. Pu, pu, pu, pu. Akasikia sauti upande wa pili wa minyaa. "Hodi! Hodi! Hodi, mayu Milembe!" Mlango wa Milembe ulikuwa umefungwa. Sauti ikarudia, sasa inatetemeka. "Hodi jamani!"

Kalunde akatoka. Alikuwa Jilala, kijana mwenye mabega mapana, analia kama mtoto aliyepotea gulioni.

"Jilala, mwanangu, mayu hayupo. Kavuka mbuga kwa mdogo wake. Kuna nini?"

"Limi. Ameanguka kisimani jana jioni. Sasa ameshikwa, na siku zake bado."

"Mayu ameniachia mimi mkoba. Nipigie hodi, twende."

Jilala akamtazama. Akautazama mkoba mkononi mwake. Kalunde aliona midomo yake inafunguka, ile hodi ilikuwa tayari kwenye ulimi. Kisha midomo ikafungika. "Ngoja nimuulize mama," akasema, akakimbia.

Kalunde akasimama mlangoni. Akasubiri. Jilala alirudi kweli, lakini alipita mbio bila kugeuza uso, mkuki mkononi, anaelekea mbugani. Mama yake alikuwa amemtuma akamlete Milembe. Ng'ambo ya mbuga! Siku moja na nusu kwenda, siku moja na nusu kurudi, na mwanamke ameshikwa na uchungu! Mnacheka? Msicheke. Mtu mwenye hofu huona mbali kuwa ni karibu, na karibu kuwa ni mbali.

Kalunde akakaa kizingitini, mkoba juu ya magoti. Nyumba ya Nyanzala haikuwa mbali, mashamba mawili tu ya mtama. Kilio kilifika. Kwanza kilikuwa kirefu na cha juu, na Kalunde akajiambia, bado. Jua likapanda. Kilio kikawa kifupi kifupi, chenye kukatika, na Kalunde akajiambia, sasa chupa ya uzazi imepasuka. Mikono yake ikaanza kucheza yenyewe kwenye mapaja. Jua likafika utosini. Kilio kikabadilika tena, kikawa cha chini, cha kukwaruza, na hapo Kalunde akasimama wima.

"Mtoto amelala kingamo," akasema peke yake. "Na mle ndani hakuna anayejua."

Akaenda. Hakupigiwa hodi, lakini akaenda. Alisimama uani kwa Nyanzala, nje ya mlango, maana kusimama uani si kuingia. Majirani walikuwepo, wanawake sita au saba, mikono vichwani. Nyanzala alikuwa mlangoni, ameshika mchi wa kutwangia.

"Rudi ulikotoka, Mkono Baridi!"

"Nyanzala, dada yangu, mtoto amekaa vibaya. Nasikia."

"Unasikia nini? Ulisikia nini safari ile?"

"Safari ile mtoto alikuja amekwisha kufa. Huyu bado yu hai, na mama yake yu hai. Mayu Milembe ameniachia nafasi yake."

"Nani alimsikia akisema? Niambie nani! Kakuambia wewe na mafiga yako?"

Kalunde akageuka, akawatazama wanawake mmoja mmoja. Wote walitazama chini. Hakuna aliyemsikia Milembe akisema. Ndiyo, mkoba ulikuwa wa Milembe, kila mtu aliujua. Lakini mkoba hauna mdomo.

"Jilala kaenda kumleta," Nyanzala akasema, na sauti yake kubwa ikavunjika katikati. "Atamleta. Limi atangoja. Mimi siziki mara mbili kwa mkono mmoja. Rudi!"

Kalunde akaona kwamba yule mama hakuwa na chuki tena usoni. Alikuwa na hofu tupu, na hofu haina masikio. Akarudi nyuma hatua tatu. Kuingia ilikuwa uchawi. Kuondoka ilikuwa mauti. Akabaki pale juani, mkoba kifuani, machozi yanamtoka bila haya. Walimwona analia, na hakuna aliyemletea hata kigoda.

Jua likapinda. Ndani pakawa kimya. Kimya kile, jamani, ndicho mkunga anachokiogopa kuliko kelele zote.

Halafu wakasikia sauti. Haikutoka uani, haikutoka njiani. Ilitoka ndani, kwa Limi, nyembamba, ya mtu aliyebakiwa na pumzi za kuhesabu.

"Hodi."

Wanawake wakashtuka. Nani anayepiga hodi akiwa ndani ya nyumba yake?

"Hodi... mayu Kalunde."

Nyanzala akageuka mlangoni, mchi ukamponyoka, pu!

"Hodi."

Ngapi hizo?

Tatu!

Tatu. Yule binti alijipigia hodi mwenyewe. Aliyetakiwa kumwitia mkunga alikuwa mbugani, aliyebaki alikuwa na mchi, basi akajiitia. Kalunde akaitika kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye ghala, "Karibu, mwanangu! Nakuja!" Akaruka mchi, akaingia, na Nyanzala hakumzuia.

Alimkuta Limi ameegemea nguzo, midomo imekauka. Akapiga magoti. Akakumbuka, akauliza kama alivyofundishwa.

"Umekula nini?"

"Sijala."

"Unaogopa nini?"

Limi akamtazama. "Naogopa wasije wakasema ni wewe," akasema.

Mwanamke yuko katika hali ile, anaogopa jambo la mwenzake! Mimi nilipohadithiwa hapa nilishindwa kuendelea kusikiliza, nikaomba maji.

Kalunde akapaka mafuta. Akashika tumbo, akasikiliza kwa vidole, akasukuma taratibu, akangoja, akasukuma. Mtoto akazunguka. Mtoto akashuka. Jua halijagusa miti, mtoto akatoka, msichana, mwekundu, mkali, akalia mpaka kuku wakatawanyika. Uani wanawake wakaanza vile vigelegele saba vya kumpokea mtoto. Kimoja, viwili, cha tatu kikakatikia njiani, maana Kalunde hakutoka na mtoto mlangoni kama ilivyo ada.

Damu haikukoma. Kalunde alikanda tumbo, akabana, akaita majina ya wahenga wote aliowajua. Limi alikuwa amesukuma tangu alfajiri mtoto asiyeweza kupita. Nguvu za kuifunga damu zilikuwa zimekwisha asubuhi, zimekwisha mchana, wakati mkunga amekaa mashamba mawili tu kutoka pale, kisha amesimama uani penyewe. Limi alimshika mtoto. Akamnusa kichwani. Akasema, "Ana joto." Halafu akafumba macho, na hakuna aliyehitaji kumfumba.

Kijiji kikasema. Mnakijua kijiji. Kufikia siku ya maziko kilikuwa kimesema, "Mkono Baridi ameua tena." Kufikia siku iliyofuata vijana walikuwa wanaokota mawe. Kalunde hakujitetea. Alikaa ndani, mkoba sakafuni, na alichokuwa anafikiri ni kichwa cha yule binti kilivyokuwa kizito mkononi mwake.

Siku ya nne Jilala akarudi na Milembe. Milembe alikuwa amenyoa nywele, kwa sababu alimkuta mdogo wake pumzi ya mwisho, akamfumba macho, akamzika. Jilala alikuwa amemsimulia njiani neno moja tu, kwamba Limi ameshikwa. Walipopita makaburini wakaliona kaburi jipya. Jilala akaanguka juu yake. Milembe akasimama muda mrefu, miguu imejaa tope la mbugani.

Kisha akaenda uani kwa Nyanzala, na kijiji kizima kikamfuata, kinamwambia Mkono Baridi ameua tena. Akaagiza Kalunde aitwe. Kalunde akaja, akasimama peke yake, hakuna mtu upande wake wa kulia wala wa kushoto.

"Limi alishikwa saa ngapi?" Milembe akauliza.

"Alfajiri," wanawake wakajibu.

"Kalunde aliingia saa ngapi?"

Mtoto mchanga alikuwa analia ndani, anapewa maziwa ya mbuzi.

"Jua lilikuwa wapi, nimeuliza?"

"Lilikuwa limepinda, mayu," mmoja akasema.

Watu wakaanza kuelewa. Macho yakaanza kumgeukia Nyanzala, na wale wale waliookota mawe kwa ajili ya Kalunde wakaanza kuyapima upya mkononi. Ndivyo watu walivyo, jiwe likishaokotwa linatafuta kichwa. Nyanzala akajikunyata, akafunika uso kwa ncha ya nguo yake.

Lakini Kalunde ndiye aliyesema. Alisema kwa hasira, hasira ya mavuno kumi na siku nne juu yake. Na hakumsema Nyanzala.

"Mayu," akamwambia Milembe, "uliniachia mkoba. Hukuniachia jina."

Yule mzee akasogea katikati ya ua. Alivua mgolole wake begani, akaukunja, akauweka chini. Akaenda penye majivu ya jikoni kwa Nyanzala, akajimwagia kichwani pale palipokwisha kunyolewa. Akakaa chini, mahali wanapokaa watuhumiwa.

"Nipigeni mimi mawe," akasema. "Mnatafuta aliyemwua Limi, ni mimi hapa. Nilijua Nyanzala ana kidonda. Nilijua. Nikakiruka ili nisichelewe safari. Nimemwahi mdogo wangu pumzi moja, nikampoteza mtoto wangu huku. Nilimwambia Kalunde mbele ya mafiga. Ilinipasa nimwambie Nyanzala mbele ya Limi. Nyanzala alimngoja anayemjua, na anayemjua ni mimi peke yangu, kwa sababu mavuno arobaini sikukipa kijiji hiki mkono mwingine wa kuujua."

Akalia. Watu wale walikuwa hawajawahi kumwona Milembe akilia. Mawe yakaanguka, pu, pu, pu, moja moja, na kila mtu akamwonea haya mwenzake.

Kesho yake asubuhi Milembe alimshika Kalunde mkono, na hakuuachia. Wakatoka. Waliingia kila nyumba yenye mimba. Milembe aliweka mkono wa Kalunde juu ya tumbo, akaweka wake juu ya ule wa Kalunde, mbele ya mume, mbele ya mama mkwe, akasema, "Mkono huu ni wangu. Nikiwapo ni wangu, nisipokuwapo ni wangu. Mmeusikia?" Hawakutoka mpaka wenye nyumba wajibu, "Tumeusikia." Na mwenye neno la zamani alilitoa hapo hapo, hata kama ni la matusi, wakalisikiliza mpaka likaisha. Ikawa desturi. Mkunga hakwenda hata kupalilia shamba la mbali bila kumpitisha wa kumshikia nafasi nyumba kwa nyumba.

Nyumba moja tu haikufunguka. Kila masika walifika mlangoni kwa Nyanzala, wakasalimu. Kila masika Nyanzala alijibu salamu bila kufungua. Hakuwa na chuki. Alikuwa hawezi kuutazama mkono ule. Ndani alikuwa analea mjukuu, waliyemwita Limi kwa jina la mama yake, na kila mtoto alipocheka bibi yake aligeuka ukutani.

*Mwenye mkono kaondoka, ee,*
*mkono kamwachia nani?*

Mavuno kumi na sita yakapita. Milembe akawa mkongwe, haoni, hasikii vizuri, kazi yote ikawa ya Kalunde. Watu walikuja, walimpigia hodi, aliitika. Lakini Milembe alipolala kitandani mara ya mwisho aliuliza, "Nyanzala amekuja kwako?"

"Bado, mayu."

"Nenda tena masika hii. Mimi siwezi kutembea."

"Nitakwenda."

"Safari hii nakwenda nisikorudi, Kalunde. Nyumba zote nimezipitia. Imebaki hiyo moja." Akamshika mkono, akalala nao. Asubuhi Kalunde alilazimika kuchomoa vidole vyake kimoja kimoja.

Wakamzika karibu na Limi. Kijiji kizima kilinyoa. Kalunde alikaa tanga siku tatu ndani ya nyumba yake, na upande wa pili wa minyaa mlango wa mzee ulikuwa umefungwa, na safari hii hakukuwa na siku kumi za kuhesabu.

Siku ya nne, alfajiri, kuku hawajashuka kwenye kichanja, akasikia fimbo inagonga ardhi. Ko. Ko. Ko. Mwendo wa mtu mzee.

"Hodi."

Aliijua sauti ile. Ilikuwa kubwa zamani, sasa imechakaa. Kalunde akadhani ni ndoto ya msiba. Lakini akasimama.

"Hodi, Kalunde."

Akachukua mkoba.

"Hodi, dada yangu." Halafu sauti ikasema yote. "Limi ameshikwa. Mjukuu wangu. Ni yule yule uliyempokea. Nimekuja mwenyewe, sikutuma mtu. Nimechelewa mavuno kumi na sita."

Kalunde aligeuka akatazama ule mlango uliofungwa ng'ambo ya minyaa, akataka kupiga kelele, mayu, amekuja, njoo umwone! Lakini mwenye kuambiwa alikuwa ardhini siku tatu tayari. Akalia hapo hapo kizingitini. Nyanzala naye akalia. Wazee wawili, wamesimama alfajiri, kila mmoja analia na hakuna anayembembeleza mwenzake.

Mwishowe Kalunde akajifuta uso, akasema, "Karibu." Akamshika Nyanzala mkono ili amvushe tope. Ulikuwa mkono wa baridi, baridi kweli kweli, kama maji ya kisimani. Kalunde aliufunika kwa wake wa pili, wakaenda hivyo mashamba mawili ya mtama, mpaka mlangoni, na mlango ulikuwa wazi.

Mnanitazama. Mnataka kujua Limi alizaa? Alizaa salama, watu wenye haraka nyie! Wote wawili wazima, na vigelegele vyote saba vilifika mwisho. Bibi yake alikuwa amekaa upande wa kichwani kwake, na alipoulizwa na Kalunde, "Unaogopa nini?" binti alijibu, "Siogopi kitu, bibi kanishika."

Lakini yule Limi wa kwanza hakurudi. Nalisema hili kwa sababu wako wanaopenda hadithi ifute machozi yote. Hii haifuti.

Basi ukiwa mtu wa kutegemewa, na ukaitwa safari, usiache mkoba tu. Mshike mkono unayemwacha, mpeleke mpaka penye mlango mgumu kuliko yote, uanzie hapo. Kidonda ulichokiruka ndicho watakachokikwaa wenzako. Na wewe uliyebaki, usimngoje unayemjua mpaka akukute kaburini.

*Kamwachia jirani, ee,*
*na jirani mwamjua?*

Tunamjua!

Mjueni mapema. Mimi hadithi yangu nimeifikisha mlangoni, naiacha hapo. Anayeitaka apige hodi.